Kuonja Nako ni Kula

Walikuwa wameshapita kituo cha mafuta, Mama Mikate mbele, mumewe fundi viatu nyuma na mkoba. Leo mama anafanyiwa upasuaji. Mawe kwenye nyongo yamemtesa mwaka mzima.

"Ningoje kidogo," mama akasema. Akaingia kwenye bekari yake, akachovya kidole kwenye krimu ya keki, akaramba. Akachovya tena.

"Sukari haijatosha," akawaambia wasaidizi, akatoka.

Hospitalini nesi akamuuliza, "Umekula chochote tangu jana usiku?"

"Sijala, mwanangu."

Fundi viatu akakohoa. "Taja na ile krimu, mke wangu."

"Nilionja tu! Tangu lini kuonja kukawa kula?"

"Tumbo halijui tofauti hiyo, mama," nesi akasema. "Ukishalazwa kwa dawa ya usingizi, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Na wewe hutaweza hata kukohoa."

Upasuaji ukaahirishwa wiki mbili. Njiani mama alinuna.

"Umeniumbua mbele za watu."

"Bora nikuumbue ungali hai."

Jirani yao, muuguzi mstaafu, alipoelezwa alicheka hadi akafuta machozi.

"Mwenzangu, tanuri la baridi unalitia mkate?"

"Thubutu! Nalipasha kwanza."

"Basi na mwili upashe. Tembea nusu saa kila siku. Kula mayai, maharage, mboga. Kidonda hupona kwa chakula. Vuta pumzi ndefu, ishushe polepole. Dawa zako za presha, na hiyo mizizi unayochemsha, mwonyeshe daktari zote. Usiache wala usimeze kwa kukisia. Na wewe shemeji, moshi wa sigara yako anauvuta yeye pia!"

Siku ilipofika, mama alipita mbele ya bekari mikono ikiwa nyuma.

"Onjeni wenyewe!" akapiga kelele bila kugeuka.

Nesi alipouliza, akajibu kifua mbele, "Sijala, sijaonja, sijaramba hata kidole."

Upasuaji ukaenda salama, na kesho yake alitembea hadi mwisho wa korido, polepole, mgongo wima. Fundi viatu aliwaambia wagonjwa wote, hata ambao hawakuuliza: "Yule ni mke wangu."

Kidonda kilifunga bila usaha. Daktari alipomruhusu, mama alirudi kwenye tanuri. Fundi viatu aliacha sigara. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kama siki. Wasaidizi sasa huonja wenyewe. Krimu yao huzidi sukari kidogo, lakini inauzika. Jirani hupelekewa mkate wa moto kila Ijumaa.