Ulipata Wapi?

Korido ya hospitali ilifurika watu siku fundi umeme alipokuwa akishuka ngazi yake na nusura amkanyage Kidoti, mshonaji aliyevaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe.

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia taa."

"Taa iko juu. Mbona macho yako huku?"

Fundi akacheka.

Kidoti alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kuongezewa damu alikuzoea tangu utotoni. Hakumficha. Fundi akawa anakaa naye kando ya kitanda, damu ikidondoka polepole, akimsimulia vituko vya wateja wake. Kila asubuhi fundi alimpigia simu.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Nimeamka nimekukumbuka. Umenifanyia nini?"

Wakaanza kutafuta chumba cha kupanga.

Ndipo vipimo vya Kidoti vikaonyesha virusi vya homa ya ini aina C. Daktari alimweleza kwamba wanaoongezewa damu mara kwa mara huwa hatarini, hasa waliopewa zamani, upimaji ulipokuwa hafifu. Dawa ipo na inaponya. Kidoti alimpigia fundi hapo hapo, akamweleza yote.

Fundi akasema, "Dada yangu anasema ugonjwa huo huletwa na wanaume. Niambie tu, sitakasirika. Ulipata wapi?"

"Si nimekwambia?"

"Kidoti, mimi si mtoto."

Fundi akakata simu. Kidoti akakaa chini pale koridoni, penye watu.

Dawa alizimeza peke yake. Alikaribia kuzimaliza fundi alipotokea mlangoni pa kibanda chake cha ushonaji, amekonda, shati limepigwa pasi.

"Nilikwenda kupima. Niko salama. Daktari amenieleza, kumbe ni damu kweli. Nisamehe, mpenzi. Nataka kukuoa."

Kidoti alisimamisha cherehani. Alikuwa amemkumbuka mtu huyu hadi mifupa ikamuuma.

"Nimekusamehe," alisema, na alisema kweli. "Lakini nitaongezewa damu maisha yangu yote. Nikirudi tena na habari mbaya, utakwenda kumuuliza nani kama nasema kweli?"

 Machozi yalimtoka fundi akiwa amesimama.

Kidoti akamsindikiza hadi barabarani, akamnyoosha kola, akamwacha aende. Kisha akarudi, akajifungia ndani na kulia, hata mteja aliyekuja kuchukua sare za mwanawe akageuza njia bila kubisha hodi.