Iliki Katika Mkate wa Kampuni

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa moja asubuhi. Mkaguzi wa kampuni, mama mmoja mpole, aliingia dukani kwetu na kukuta umebaki mkate mmoja tu rafuni. Akakata kipande, akatafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Mzee, huu mkate una iliki. Imetoka wapi?"

Binti yangu, ambaye kwa wembamba wake tulimwita Kijiko, alikuwa anafunga kamba za viatu aende shule. Vidole vyake viliganda palepale.

Niwaeleze kidogo. Duka lilikuwa la mke wangu, na mkate wake wa iliki ulijulikana mtaa mzima. Alipofariki, wateja walipungua mmoja mmoja. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye tai. Alisema kampuni yake ina matawi mengi: mimi nitoe duka na jasho, wao watoe jina, kibao, mafunzo na unga uliochanganywa tayari. Kila mwezi wangechukua sehemu ya mauzo. Mkataba ulikuwa na kurasa ishirini. Nilisoma mbili, nikatia sahihi.

Sitawadanganya, faida ilikuwepo. Siku ya kwanza tu watu walipanga foleni, kwa kuwa jina walilijua tayari. Tanuri likigoma, fundi wao alifika siku hiyohiyo. Lakini hata rangi ya aproni walinichagulia wao, mabwana wa ofisini wasiowahi kuungua hata kidole. Nilipouza keki zangu pembeni, nikaletewa barua: hilo ni kosa la kwanza; likitokea la pili, kibao kinashuka.

"Mzee, nakuuliza," mkaguzi alirudia.

"Ni unga wenu huo!" niling'aka. "Mnaleta gunia bovu, halafu mnanitafutia makosa mimi?"

Alifungua daftari. "Basi naandika kosa ni la bohari. Mpakiaji wa zamu hiyo atasimamishwa kazi."

Kijiko akainuka, kiatu kimoja hakijafungwa. "Si mpakiaji, mama mkaguzi. Ni mimi." Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. "Jana mama alitimiza mwaka tangu atuache. Nilitia kidogo tu, duka linukie kama zamani."

Mkaguzi akakimaliza kile kipande chote. "Ni mtamu kuliko wetu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini anayenunua hapa lazima apate mkate uleule wa matawi mengine. Hicho ndicho tunachouza, binti."

Kibao kilishushwa Jumatatu. Ukurasa wa kumi na saba, ambao sikuusoma, unanikataza kuuza mkate mtaa huu kwa mwaka mzima. Sasa nakanda unga wa watu, ng'ambo ya mji.

Siku tuliyofunga duka, dada yangu alikuja kutusaidia kufungasha vyombo. "Umefanya vizuri kusema kweli, mwanangu," alimwambia Kijiko. "Huyo mpakiaji naye ana watoto. Ila jua hili: ukikopa jina la mtu, umechukua na masharti yake. Soma yote kwanza." Akanigeukia. "Umesikia, kaka, au nikuandikie kwa herufi kubwa?"

Sikucheka. Kijiko alikuwa anapangusa ukuta mahali kibao kilipokuwa.

"Baba," aliuliza, "Alhamisi ile mkate uliisha mapema kuliko siku zote. Watu walifuata jina la kampuni, au mkono wa mama?"