Umefunga?

Yunia, anayeuza mihogo ya kukaanga mbele ya kiwanda cha kukoboa kahawa pale Nyamwamba, Kasese, alisema ni mauaji. Wahab amemuua Ephraïm makusudi. Asubuhi ile ile alikuwa anamcheka huyo Mkongomani: "Kiswahili yako ulinunua soko gani?" Halafu mchana mashine ikanguruma, na mtu akalia mara moja tu.

"Ulimwona akiwasha?" Inspekta Nasifah alimuuliza.

"Kuona sikuona, afande. Lakini nilisikia."

Nasifah akaingia ndani. Mwili wa fundi Ephraïm ulilala kando ya mashine, umefunikwa gunia. Mkanda ulikuwa umemvuta mkono wa kulia mpaka begani. Kifuniko cha mashine kilikuwa bado kimelala sakafuni, na bolti zake zote zimo ndani ya kofia ya marehemu.

Sanduku la swichi lilikuwa limepakwa rangi nyekundu. Kwenye pete ya kutilia kufuli rangi imekwaruzwa, lakini kufuli hakuna.

Wahab, mwendesha mashine, alikaa sakafuni na pingu mikononi.

"Ulimchukia?"

"Ephraïm? Afande, tunakula sahani moja. Mimi namcheka, yeye ananicheka."

"Kwa nini uliwasha?"

"Nilimuuliza kwanza. Niliita kutoka hapa kwa swichi, 'Fundi, umefunga?' Akajibu nyuma ya mashine, 'Nimefunga!' Basi nikawasha."

"Hukwenda kuangalia?"

Wahab aliinamisha kichwa. "Lori ilikuwa inangoja. Na mimi usiku sikulala, nilikuwa kazini."

Nasifah hakumwamini. Bolti ziko ndani ya kofia, fundi atasemaje amezifunga? Alimpeleka mahabusu kwa kosa la mauaji, kisha akaenda Bwera kuonana na mjane.

Elise alikaa mkekani kati ya wanawake. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Chérie," Elise alimwambia mdogo wake, "funga radio, afande anataka kusema."

Chérie akabonyeza kitufe. Redio ikanyamaza.

Nasifah alikuwa amefungua mdomo kuuliza swali. Akalisahau.

"Umemwambia afunge?"

"Ndiyo. Kwetu Butembo tunasema vile."

"Na mashine?"

"Mashine pia. Kufunga ni kuzima. Bwana yangu alikuwa anafunga mashine mbele ya kutia mukono." Akauliza polepole, "Kwani kule Kasese kufunga ni nini?"

Kule Kasese, kwa mafundi, kufunga ni kurudisha bolti. Wahab aliuliza kama kazi imekwisha. Ephraïm alijibu kwamba umeme ameuzima. Kila mmoja alisema kweli.

Lakini kufuli?

Nasifah alirudi kiwandani, akakagua kufuli la kila mlango mpaka akafika wa stoo. Msimamizi, Mugume, alimfuata.

"Kufuli hili ni la wapi?"

"La hapa stoo, afande."

"Mlango wako ni wa kijani. Mbona kufuli lina rangi nyekundu?"

Mugume alipangusa shingo.

"Sema."

"Ni la swichi. Fundi akifanya kazi alikuwa anafungia swichi nalo, ufunguo anaweka mfukoni. Nikalitoa."

"Kwa nini?"

"Kahawa ilikuwa inaibiwa. Nikasema, hawa wawili watasikilizana kwa mdomo."

"Kwa hiyo ukalinda kahawa."

"Ndiyo, afande," alisema Mugume. "Nililinda kahawa."

Siku ya mazishi Mugume alikuwa mahabusu, amefunguliwa shtaka la uzembe uliosababisha kifo. Wahab, aliyeachiwa asubuhi, alikuja Bwera peke yake. Nasifah alimwona akisimama mbali mpaka wimbo wa mwisho. Ndipo akasogea kaburini, akainama, akachota udongo.

"Shemeji," alimwambia Elise, "naomba na mimi nimwekee."

Elise aliutazama mkono wa kulia wa Wahab, ule uliowasha mashine. Wenye majembe wakasimama.

Wahab akabaki ameinama, udongo kiganjani, akingoja jibu lake.