Keki za Bwana Pym

"Mvua inanyesha upande mmoja tu."

Sauti ilitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Imogen, kidogo kama punje ya mtama. Maana yake: adui yumo ofisini, na pesa zinaondoka leo.

"Saa ngapi?" Imogen alinong'ona.

"Saa tisa. Pauni milioni mbili za nyumba za wazee zitakwenda ng'ambo. Zikienda, wahudumu hawalipwi. Jumatatu wazee hawana wa kuwageuza kitandani."

"Nani?"

"Hatujui. Wewe ndiye uliye ndani."

Saa yake ya mkononi, Casio, ilionyesha saa nane na nusu.

Kwa miezi mitano jasusi Imogen Oldroyd alikuwa mwanagenzi wa fedha katika halmashauri ya Harrowbeck. Mkobani mlikuwa na bastola aina ya Glock na kitabu cha uhasibu.

Kitabu ndicho kilichomvunja mgongo.

Bi Doreen, karani wa malipo, alimwekea chai bila kuombwa. "Kunywa, mwanangu. Uso wako kama shati lisilopigwa pasi."

"Mtihani Jumatatu, Bi Doreen."

"Pole. Sikia, leo ni siku ya kuzaliwa ya Pym, na hakuleta keki. Nimekimbilia duka la Tesco, nikanunua boksi hili. Tuseme ni zake, asiaibike."

Pym alikuwa mkaguzi wa hesabu aliyeajiriwa kwa mkataba. Alidai ametumikia halmashauri za Uingereza miaka ishirini. Alitoka chumbani kwake, akaliona boksi, akatabasamu.

"Asanteni sana. Nilidhani mmesahau kuninunulia."

Doreen aliinamisha macho, akiona haya kwa niaba yake.

Katika ofisi za Uingereza, mwenye siku ya kuzaliwa ndiye huwaletea wenzake keki. Hata mfagizi hulijua hilo wiki ya kwanza.

Miaka ishirini, naye hajui.

"Ni Pym," Imogen alinong'ona.

"Ushahidi?"

"Keki."

"Oldroyd, umelala lini mara ya mwisho?"

Alimgeukia Doreen. Mwanagenzi hana ruhusa ya kuzuia malipo. Doreen anayo.

"Bi Doreen, akaunti mpya za nyumba za wazee, nani alithibitisha?"

"Barua za kubadili akaunti zilikuja. Pym alisema ameshawapigia."

"Tuwapigie tena. Kwa namba ya simu iliyo kwenye faili la zamani, si ya kwenye barua."

Doreen alimtazama, kisha akapiga. Meneja wa nyumba ya kwanza alipokea akitafuna.

"Akaunti mpya? Sisi? Hatujabadilisha tangu mama yangu akiwa meneja hapa."

Saa nane na dakika hamsini na nane.

Doreen alibonyeza kitufe cha kuzuia. Malipo yakasimama.

Pym alichukua koti. Imogen alikuwa mlangoni tayari, kitabu kifuani, mdomo wa Glock ukichungulia chini yake.

"Kaa, Bwana Pym. Hujamaliza keki yako."

Akakaa. Wanaume wawili wa idara ya ujasusi waliotoka kwenye lifti walimchukua bila kelele.

"Kazi imekwisha," ilisema sauti. "Gari liko nje. Rudi makao makuu."

Doreen alikuwa anafunga kipande cha keki kwa karatasi laini, taratibu, kama anayefunga jeraha.

"Kumbe hukuwa mwanagenzi," alisema. "Nami nilikukaririsha maswali kila chakula cha mchana."

"Nilikuwa, Bi Doreen."

"Basi mtihani huuhitaji tena."

Imogen alitia keki mfukoni. Akang'oa kidude sikioni, akakidumbukiza kwenye chai iliyopoa.

"Miezi mitano nimesoma," alisema. "Jumatatu nakuja kuufanya."

Akashuka ngazi, kitabu kwapani, akalipita gari lililomngoja.