Bitana ya Blauzi Nyeupe

Viyoyozi vya benki viligoma tangu asubuhi, na foleni ikajikunja mara mbili ndani ya ukumbi. Kila mtu alijipepea kwa alichokuwa nacho. Mwalimu wa baiolojia alisimama katikati, sketi ya kijivu, blauzi nyeupe ya mikono mirefu, mkoba ameuning'iniza mgongoni kama afanyavyo siku zote za joto. Ndipo mkanda wa mkoba ulipokatika.

Aliyeuokota alikuwa mwanamume mrefu, shati lake limenyooka utadhani halijawahi kuvaliwa, vidole vina makovu madogo ya kuungua.

"Samahani, dada. Hiyo blauzi naijua."

"Unaijua vipi?"

"Naipiga pasi mwaka mzima sasa. Kifungo cha tatu nilikishona mimi. Huwa inaletwa na jamaa mmoja hatembei bila chupa ya maji."

"Huyo ni kaka yangu."

"Kumbe kaka! Na mimi mwaka mzima namwonea wivu bure, nikijua ni za mkewe."

Mwalimu alicheka, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya mbele ya wageni, maana meno yake mawili ya mbele yalikuwa ya bandia. Dobi hakuyatazama meno. Mpaka foleni inafika dirishani, namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mikono.

Simu zikaanza, za asubuhi na za mapumziko ya shule.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Umemaliza mashuka ya hoteli?"

"Yale hayaishi. Watu wanalala kama wanalipwa. Leo unafundisha nini?"

"Paka."

"Wazazi wanalipa ada mkafundishane paka?"

"Paka wa mabaka, meusi na ya chungwa. Karibu wote ni majike. Jike ana kromosomu X mbili katika kila seli. Angali mchanga tumboni, kila seli inazima moja na kubaki na nyingine. Ni bahati tu, hakuna anayechagua. Halafu seli zote zinazozaliwa na hiyo zinafuata vilevile. Ndiyo maana huku ana rangi ya X ya mama, huku ya baba."

"Na wanawake je?"

"Vilevile."

"Mbona wewe sijaona mabaka?"

Mwalimu akasema kengele imelia. Kengele haikuwa imelia.

Mabaka alikuwa nayo. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chupa, alizaliwa bila tezi za jasho, nywele chache, meno ya kuhesabika. Siku za joto alijimwagia maji kifuani ili asianguke. Aliirithi hali hiyo kwenye X ya mama yao, na mwanamume hana X ya pili ya kumwokoa. Mwalimu aliirithi X hiyohiyo, ila kwake ilikuwa imezimwa katika baadhi ya seli na kuwaka katika nyingine. Mgongo wake ulitoa jasho kwa michirizi: mmoja unalowa, wa pili mkavu kabisa. Mtoto wa kiume atakayemzaa angeweza kuwa mzima au kuwa kama Chupa, nusu kwa nusu. Mchumba wake wa kwanza alielezwa yote mapema. Aliomba muda wa kufikiri, na mpaka leo anafikiri. Safari hii mwalimu aliamua kufunga mdomo, kwa sababu huyu alikuwa anampenda kweli na hakutaka kumpoteza.

Kisha dobi akamletea zawadi: blauzi mpya, nyeupe, kola ndogo. Mwalimu aliigeuza ndani nje. Bitana, kile kitambaa cha ndani, haikushonwa mgongo mzima. Ilikatwa vipande vilivyopinda, vikishuka kutoka uti wa mgongo na kuzunguka mbavu, na katikati pameachwa wazi. Mchoro huo aliwahi kuuona mara moja, utotoni, daktari alipompaka mgongoni iodini na unga wa wanga, jasho likachora michirizi myeusi.

Simu iliita.

"Imekukaa, mpenzi?"

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Mgongo wangu si gazeti la kusomwa na kila mtu."

"Mwalimu, nisikilize—"

Akakata. Hakupokea tena.

Chupa alimkuta jikoni amenuna.

"Umemwambia dobi habari zetu."

"Sijafungua mdomo. Lakini yule ni dobi, dada yangu. Mwaka mzima anatoa madoa ya jasho lako, na yako palepale kila wiki. Ulitaka asione?"

"Kwa nini hakuuliza?"

"Pengine aliona haya. Wewe mbona hukusema?" Chupa alifungua chupa yake, akalowesha kola. "Yule wa kwanza alikimbia. Huyu hata nafasi ya kukimbia umemnyima."

Jumamosi mwalimu aliingia kwenye duka la dobi, Chupa akifuata nyuma. Mvuke ulijaa, pasi zilikuwa zinafoka. Alivua koti, akakaa kwenye kiti mgongo akimpa dobi, akasubiri mpaka blauzi aliyovaa ilipoanza kulowa kwa michirizi.

"Sasa tazama vizuri," alisema. "Si ugonjwa wa kuambukiza wala uchafu." Akamweleza yote, X ya mama, tezi, Chupa, na mtoto wa kiume ambaye hajazaliwa.

Dobi aliizima pasi.

"Mimi niliona doa, nikaliwekea kitambaa usije ukaaibika mbele ya wanafunzi. Sikujua zaidi ya hapo."

"Sasa unajua."

"Sasa najua, na nimeogopa. Sikudanganyi." Akamtazama Chupa mlangoni, shati likimdondosha maji. "Huyo mtoto, akivaa shati lililoloweshwa, siku inapita?"

"Inapita. Ila ni kulowesha kutwa, kila siku ya joto, miaka yote."

"Basi kulowesha na kukamua ndiyo kazi ninayoijua. Nioe, au nikuoe, yoyote itakayokupendeza."

Mwalimu alilia, kisha akacheka na meno yake yote, ya kwake na ya bandia. Akatoa blauzi mpya kwenye mkoba.

"Kwanza fumua hii bitana. Nitaivaa hivihivi."

Dobi alichukua mkasi mdogo, akaanza kukata nyuzi moja moja. Mlangoni Chupa alikuwa amemimina tone la mwisho kichwani, uso umemwiva.

"Ndugu zangu, jibuni upesi," alisema. "Mimi humu napikika."

"Ndiyo," akasema mwalimu, na dobi akaacha mkasi, akachota ndoo ya maji, akaloweka shati safi, akalikamua, akamvisha shemeji yake.