Santuri ya Marehemu

Springi ya gramafoni ilikatika Jumapili saa tisa mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati, lakini wimbo ukaendelea. Nyatichi aliona mpini wa kuzungushia umelegea, unaning'inia. Yule mzee wa Amerika ndani ya santuri akaimba hadi mwisho bila kukosa hata neno.

"Baba Bosibori," alimnong'oneza mumewe, "hiyo kitu inaimba na nguvu ya nani?"

"Ya Wazungu," Makori akajibu, macho yamemlowa. "Nyamaza nisikie."

Maneno ya wimbo Makori hakuyaelewa, lakini ile sauti ya kizee yenye mikwaruzo, na gitaa lake la polepole, vilimliza kila Jumapili. Mama yake mzazi alipozikwa hakulia hivyo.

Makori alikuwa mpishi wa bwana mmoja mwenye shamba la chai karibu na Mogogosiek. Bwana alipokufa, Makori aliibeba gramafoni yake siku ile ile ya maziko. Kwao Kisii, kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla waliofiwa hawajanyolewa nywele, maana mwenyewe bado hajaaga. Nyatichi alimkumbusha.

"Mzungu hanyoi," Makori akamcheka. "Tungoje mpaka lini?"

Mjuaji huyo! Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili iliyofuata nyumba ilinuka tumbaku ya kiko, na hakuna aliyevuta kiko pale. Nyatichi, aliyetegemewa na kwaya nzima ya kanisa, akaanza kukwama koo. Wiki ya tatu hakuweza hata kumwita bintiye Bosibori. Ndipo ndani ya santuri, nyuma ya yule mzee, ikasikika sauti ya mwanamke. Ilikuwa ya Nyatichi.

"Sasa wanaimba wawili!" Makori akapiga makofi, bila haya.

Jirani yao Drusilla, mchuma chai ambaye pia alijua kutoa majini, alifika, akanusa mlangoni, akakataa kiti.

"Bwana yako hajatoka hapa," alimwambia Makori kwa sauti ya chini. "Vunja hii santuri, sauti irudi kwa mwenyewe. Lakini ikiimba tena mpaka mwisho, itaenda na pumzi yake."

"Sawa, mama."

Drusilla akampa jiwe, akaenda nyuma ya nyumba kuchimba shimo la kuzika vipande.

Makori aliinua jiwe. Nyatichi alimtazama kutoka kitandani kwa matumaini, maskini mtoto wa watu. Kisha mume akalishusha.

"Kidogo tu, Mama Bosibori. Nitatoa sindano katikati."

Akaiweka sindano, na harufu ya tumbaku ikajaa chumba, na mzee akaanza polepole, na Nyatichi akamjibu kutoka ndani ya santuri kwa utamu ambao kanisa halikuwahi kuusikia, huku kitandani akiparura ukuta kwa kucha, akimwonyesha mumewe sindano kwa kidole, na Makori akanyoosha mkono, kweli aliunyoosha, ukafika juu ya sindano ukabaki hapo, maana ubeti wa mwisho ulikuwa unakuja, na huo ndio aliokuwa akiupenda kuliko yote.

Drusilla alirudi na jembe mkononi. Gramafoni ilikuwa kimya. Nyatichi alikuwa kimya pia, mdomo wazi, kidole bado kimeelekea sindano. Makori alikuwa amepiga magoti kati yao, mashavu yametota machozi.

"Umesikia?" alimuuliza Drusilla. "Umesikia vile ameimba?"