Banda Lililotoa Jasho

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Mama Seremala aliingia chumba cha nyuma, akasimama kimya, akavuta pumzi. Humo mlikuwa na vifaa vya marehemu mumewe: randa, misumeno, patasi, na gunia la maranda, vile vipande vyembamba vilivyojikunja mumewe alipolainisha mbao zake za mwisho. Chumba kilinukia mbao. Kwake yeye, kilinukia mumewe.

Lakini mama mkwe alikuwa anahamia kwao, na chumba kilihitajika. Vifaa navyo havikuweza kuuzwa. Binti yake alikuwa anajifunza useremala, na hakuwa na vifaa vingine ila hivyo vya baba yake.

Basi mama na binti wakaenda kwa muuza mabanda kutafuta pa kuvihifadhi. Lilikuwepo la mbao, lenye sakafu iliyoinuka na matundu chini ya paa. Lilikuwepo na la bati, limefungwa kila upande.

"Hili la bati halipitishi hata sisimizi," muuzaji akajisifu.

"Harufu je? Itatoka?"

Muuzaji akamkodolea macho. "Harufu ya nini, mama?"

"Nipe hilo hilo," akasema.

Wakaliweka juu ya udongo mtupu, kwenye pembe ya ua alipokuwa akikaa mumewe na meza yake ya kazi. Penye nafasi mlangoni, Mama Seremala akasokomeza vipande vya shuka kuukuu. Akafunga, moyo ukatulia.

Mvua za masika zikaja. Siku moja binti alifungua banda, akapiga kelele.

"Mama! Njoo uone!"

Matone yalining'inia darini. Randa ilikuwa imeota kutu. Mpini wa msumeno ulikuwa na ukungu mweupe. Mama Seremala alipovuta pumzi, alipata harufu ya uvundo.

"Paa linavuja," akasema. "Muuzaji yule katutapeli!"

Jirani yao alisikia, akaja na kikombe chake cha chai mkononi. Alikuwa ametunza bohari miaka mingi, na mtaa mzima ulimwita Bi Bohari. Akatazama paa nje na ndani.

"Halivuji, shoga. Linatoa jasho."

"Bati nalo linatoa jasho?"

"Ukifunika chungu cha maji ya moto, mfuniko si hulowa kwa ndani? Ndiyo hivyo hivyo. Udongo huu una maji. Unyevu unapanda, hauna pa kutokea. Usiku bati linapoa, unyevu unageuka matone. Na hapa ulipoliweka, mwenzangu, ndipo maji ya ua mzima yanapokuja kulala."

"Hapa ndipo alipokaa mume wangu."

"Alikaa kiangazi. Masika alikuwa akibeba meza yake kwenda barazani. Umesahau?"

 Kweli, Mama Seremala alikuwa amesahau.

"Tulihamishie pale juu," Bi Bohari akaendelea. "Tuliinue kwa matofali, tuweke sakafu ya mbao, hewa ipite chini. Kisha tutoboe matundu pande mbili chini ya paa, tuyazibe kwa wavu, panya wasiingie."

"Matundu hapana! Harufu yake itaondoka."

Binti akaichukua randa, akaifuta kutu kwa kiganja. "Mama, chuma hiki kikiliwa, mimi nitafanyia kazi nini? Meno?"

Bi Bohari akacheka hadi chai ikamwagika. Mama Seremala hakucheka. Aliitazama ile randa mkononi mwa binti yake muda mrefu. Kisha akainama, akazing'oa zile shuka mlangoni, moja baada ya nyingine.

"Toboeni," akasema.

Kwanza walipanga vifaa vyote uani, wakavizungushia kamba kupima ukubwa wa banda linalohitajika, wakabakiza nafasi ya mtu kugeuka. "Hivi ndivyo ulivyopaswa kuanza, kabla hata ya kwenda dukani," Bi Bohari akasema. "Pima mzigo, ndipo uchague banda." Bahati yao, banda lilitosha; wakalihamishia juu, wakaliinua kwa matofali, wakalitoboa matundu. Binti akasugua kutu kwa msasa, akapaka vyuma mafuta, akavitundika ukutani.

Mvua zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko za kwanza. Mama Seremala alikwenda kupapasa dari kwa mkono wake. Kavu. Akapapasa randa. Kavu.

Miezi ikapita. Jioni moja alipakua chakula, akaita kuelekea uani, ambako randa ilikuwa ikienda na kurudi juu ya ubao.

"Njoo ule!"

"Nakuja!" binti akajibu. Randa ikaendelea.

Mama Seremala akacheka peke yake, machozi yakimlenga. Marehemu mumewe alijibu vivyo hivyo kila jioni, na katika ndoa yao yote hakuwahi kula chakula cha moto. Akachukua sahani, akaifunika, akakaa kusubiri.